Hita, AC na KRA: yanayosemwa Kisumu na yaliyoandikwa kwenye sheria

Kila Juni, siku ya mwisho ya kujaza ritani ya kodi ikikaribia, saiba za Kisumu hujaa watu wenye risiti wasizojua pa kuziingiza. Hawakosi wenye risiti ya hita ya maji ya sola au ya AC, kwa kuwa wamesikia serikali inarudisha sehemu ya pesa. Kazi yangu ni kuwajazia ritani, na kuwavunja moyo mmoja mmoja kunachosha. Nayaweka hapa yale ninayoulizwa sana.

“Ukiweka sola, unarudishiwa asilimia 30”

Hii imetoka Marekani, mara nyingi kwa binamu aliyeko Dallas au Minneapolis, na wala hakudanganya. Sheria ya kodi ya huko ilimruhusu mwenye nyumba kupunguza kodi yake kwa asilimia 30 ya gharama ya sola, na palikuwa na nafuu nyingine ya asilimia 30 kwa mitambo ya kupasha joto na kupoza nyumba, hiyo ikiwa na kikomo cha kila mwaka. Lakini sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ilizikatisha zote mbili: kifaa kilichowekwa baada ya 31 Desemba 2025 hakipati kitu. (Binamu akijitolea kukutumia AC ya huko, mshukuru tu. Umeme wao ni wa hezi 60, wetu ni wa 50.)

Ritani ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haina mahali pa kuandika hita. Kilicho karibu na hapo ni riba ya mkopo, na wengi hawakijui. Sheria ya Kodi ya Mapato inakuruhusu kuondoa kwenye mapato yako riba ya mkopo uliochukua kwenye taasisi zilizotajwa na sheria hiyo, mkopo wa kununua au kuboresha nyumba unayoishi mwenyewe. Kikomo kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka, na tangu mwisho wa Desemba 2024 ni 360,000. Ni nyumba moja tu, ploti ya kupangisha haimo.

Chukua mwalimu wa Mamboleo aliyekopa benki akaezeka upya, akaweka dari na hita, na mwaka huo akalipa riba ya 40,000. Ikiwa sehemu ya juu ya mshahara wake inakatwa asilimia 30, anaokoa 12,000. Harudishiwi 40,000, sembuse bei ya hita. Na aende benki mapema kuchukua cheti cha riba, asingoje tarehe 29 Juni wakati mtandao unavuta miguu. Aliyenunua hita kwa pesa zake mwenyewe, hapa hana chake.

“Vitu vya sola havina VAT, basi mwenye duka ananiibia”

Pengine, lakini si kwa sababu hiyo. Msamaha wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa vifaa vya sola ulifutwa mwaka 2020 na ukarudishwa 2021. Sheria inataja paneli za kuzalisha umeme, kontrola za chaji, inveta na betri zake, tena kwa pendekezo la wizara ya kawi. Ila bidhaa iliyosamehewa humnyima muuzaji nafasi ya kudai VAT aliyolipa kwingine, kama ya kusafirisha mzigo kutoka Mombasa. Gharama hiyo anaitia kwenye bei, nawe huioni kwenye risiti. AC, friji na shawa ya umeme zina asilimia 16 kamili, hata ukiziendesha kwa paneli zako. Dai risiti ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, usome mstari wa VAT mwenyewe.

“Mimi nina ploti, gharama za hita nitazitoa kwenye kodi ya KRA”

Hapa ndipo watu huondoka wakiwa wamekasirika. Mwenye nyumba za kuishi anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya pesa zote anazopokea kwa wapangaji. Kabla ya Januari 2024 ilikuwa 10. Pesa zote maana yake ni kabla ya gharama yoyote. Ploti ya Manyatta yenye vyumba kumi vya 6,000 inaingiza 60,000 kwa mwezi, na KRA inachukua 4,500, uwe umepaka rangi au umeweka hita kumi.

Unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hutaki mpango huo. Ukifanya hivyo unajaza hesabu za mwaka na kuondoa gharama zinazoruhusiwa, kila moja na risiti yake ya eTIMS. Hata hapo, kukarabati kilichoharibika na kununua kitu kipya havihesabiwi sawa. Kwa mwenye vyumba kumi, mimi huona ile asilimia 7.5 ni nafuu kuliko kumlipa mhasibu.

“Sheria inalazimisha kila nyumba iwe na hita ya sola”

Kanuni za 2012 zililenga majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku, zikataka jua litosheleze angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo. Majengo ya zamani yalipewa miaka mitano, na utekelezaji ukalegalega. Nyumba ya Nyalenda inayochemsha maji kwa sufuria haikuguswa. Fundi anayebisha mlango na vitisho vya faini anatafuta mteja. Nao ukaguzi wa nishati unaotakiwa kila miaka mitatu ni wa wanaotumia uniti 180,000 za stima au zaidi kwa mwaka (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja), yaani viwanda na mahoteli.

“Shawa ya umeme ni dakika kumi tu, inakula nini?”

Soma kibandiko chake. Ikiwa imeandikwa wati 5,400, dakika kumi ni uniti 0.9. Watu wanne wakioga mara moja kwa siku, ni uniti 3.6, na kwa mwezi 108. Bei ya stima ya nyumbani ina ngazi tatu: hadi uniti 30, kisha hadi 100, kisha zaidi ya 100, na ngazi yako hupimwa kwa wastani wa miezi mitatu. Bafu peke yake limekupandisha ngazi ya juu kabla hujawasha taa, na kila tokeni utakayonunua kwa ajili ya friji na televisheni itakuwa kwa bei hiyo. Kisumu, maji ya tangi saa kumi jioni tayari ni vuguvugu, unaweza kuizima shawa kabisa. Nakuru mwezi wa Julai sikushauri hivyo. Huko ndiko hita ya sola hulipa haraka.

“Nyota tano, basi haili stima”

Kanuni za 2016 zinataka friji na AC za kawaida za ukutani ziwe na lebo ya nyota, moja hadi tano. Nyota hulinganisha vya ukubwa mmoja. Friji kubwa ya nyota tano inaweza kula kuliko ndogo ya nyota tatu, kwa hiyo tazama namba ya uniti kwa mwaka, ambayo iko hapo hapo kwenye lebo.

“Weka 16, ipoe haraka”

AC ya kawaida, isiyo ya inveta (yaani isiyoweza kubadili kasi ya mashine yake), hupoza kwa kasi ile ile ukiweka nyuzi 16 au 24. Tofauti ni kwamba kwenye 16 haipumziki. Ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) hula takriban kilowati moja, na feni ya dari hula wati 70 hivi. Chini ya mabati matupu yasiyo na dari, AC inapambana na paa mchana kutwa. Anza na dari, paka mabati rangi nyeupe, kisha fikiria AC.

Ukinunua ya mtumba, angalia aina ya gesi kwenye kibandiko cha ubavuni. R-22, gesi ya zamani ya kupozea, inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni. Kwa nchi kama Kenya ilipaswa kupunguzwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na 2030 ibaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine zilizopo. Bei ya kuijaza itakushinda. Wala usikubali mtu aongeze R-32, gesi ya AC mpya, kwenye mashine ya R-22, kwa sababu presha yake ni kubwa zaidi na inaweza kushika moto. Fundi akikuambia gesi ni gesi, mwite mwingine.