Kisigino, Soli na Pumzi: Viatu vya Kwaya ya Maonyesho

Mwimbaji akipanda jukwaani na kiatu kisichomfaa, mimi hukigundua kwa masikio kabla sijakiona, kwa sababu pumzi yake hukatikia katikati ya sentensi. Kwa miaka kadhaa nimesimamia mavazi ya kwaya ya maonyesho katika shule moja ya sekondari jimboni Indiana, Marekani, na kilichonisumbua zaidi, kuliko magauni na mapambo yake yote, ni viatu.

Kwaya ya namna hii ni kundi la vijana, mara nyingi 40 au 50, wanaoimba kwa sauti nne huku wakicheza kwa mpangilio mmoja mbele ya bendi. Jimboni humu, shule ya Bishop Luers ya Fort Wayne iliandaa shindano la kwaya hizi mwaka 1974, na hadi leo majaji hutoa alama za uimbaji na za uchezaji. Kiatu, kwa hiyo, kina kazi mbili.

Wasichana wengi huvaa kiatu cha ngozi chenye ukanda unaofungwa kwa bizimu juu ya mguu, na kisigino imara cha kati ya inchi 1.5 na 3. Walimu wa dansi hupenda kirefu kwa kuwa hufanya mguu uonekane umenyooka. Mimi nikiachiwa uamuzi, sizidishi inchi 2. Kisigino kinapopanda, uzito huhamia kwenye vidole, kiuno hubinuka, magoti hukaza, na misuli ya tumbo iliyopaswa kulegea ili pumzi ishuke hubaki ikihangaika kumzuia mtu asianguke. Kipimo changu ni chepesi: binti huimba sentensi ndefu ya wimbo akiwa pekupeku, kisha huirudia akiwa amevaa viatu, na pumzi ikimwishia mapema mara ya pili, tunashusha kisigino kwa nusu inchi. Wavulana, ambao kisigino chao ni cha inchi 1 tu, hunisumbua kwa soksi zaidi kuliko kwa viatu.

Soli ndiyo inayohitaji fikra zaidi. Ya mpira hung'ang'ania sakafu, na mchezaji anapozunguka, goti hubeba msokoto ambao kiatu kimeukataa. Ya ngozi tupu huteleza kwenye mbao zilizopakwa rangi. Ya suedi, yaani ngozi yenye manyoya mafupi laini, hukaa katikati, mradi isuguliwe kwa brashi ya waya manyoya yake yanapolala, na isikanyage nje hata mara moja, kwani msimu wa mashindano huanza Januari, theluji ikiwa bado imetanda maegeshoni. Ugumu ni kwamba kwaya haichezi sakafuni peke yake, bali hupanda na kushuka majukwaa ya ngazi, ambayo mengine huwa na zulia, na suedi iliyoteleza vizuri chini hukwama huko juu. Ndiyo maana nasisitiza mazoezi ya viatu yafanyike juu ya ngazi zenyewe, majuma matatu kabla ya shindano la kwanza, muda ambao pia hutosha kulainisha ngozi na kumaliza malengelenge.

Kuhusu rangi, neno moja: viatu vinavyouzwa kama vya "rangi ya ngozi" mara nyingi hulingana na ngozi ya watu weupe, na mabinti zetu weusi wakivivaa huonekana kama wamekatwa miguu kwenye kifundo. Mimi huvipaka rangi inayolingana na mvaaji.

Mwaka mmoja nilisahau kukagua vifuniko vya chini ya visigino. Kimoja kilikuwa kimelika hadi msumari ukatokeza, na maikrofoni za ukingo wa jukwaa ziliunasa mlio wake, ti, ti, ti, katika wimbo wa polepole uliopaswa kuimbwa karibu kwa kunong'ona. Tangu hapo, jioni ya kuamkia shindano, mimi hupindua viatu vyote na kupitisha kidole gumba kwenye kila kisigino.