Sangara mkubwa anaanza kuharibika ndani, barafu ya juu juu haimsaidii

Ndugu zangu wavuvi wa Ziwa Victoria, na nyie mama zetu mnaonunua mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na vijana wa kupakia, leo naongelea sangara mkubwa, yule wa kilo 20, 30 kwenda juu. Sisi wa ubora wa samaki tunapokea malalamiko yaleyale kila msimu, kwamba samaki ametoka ziwani mzima kabisa, kapigwa barafu, halafu akifika kwa mnunuzi anaambiwa nyama imelegea na inatoa harufu, mzigo unakataliwa au unashushwa bei. Na mvuvi anabaki anajiuliza barafu si niliweka?

Uliweka ndiyo, ila juu ya ngozi. Sangara mkubwa ni kama sufuria kubwa la ugali, juu unagusa pamepoa kumbe katikati bado pa moto. Maji ya ziwa letu yana joto la kama nyuzi 25 hivi na samaki anatoka na joto hilohilo mpaka kwenye uti wa mgongo, sasa barafu ikikaa nje tu, baridi inachukua masaa mengi sana kufika ndani na muda wote huo bakteria wa tumboni na kwenye matamvua wanazaliana, na vile vimeng'enya vya tumbo, yaani vile vinavyosaga chakula chake, vinakula nyama kuanzia ndani. Dagaa au sato mdogo anapoa haraka, huyu hapoi haraka.

Kwa hiyo kazi inaanza palepale kwenye mtumbwi. Kama bado yuko hai usimwache ajipigepige mpaka afe mwenyewe, maana akihangaika sana anamaliza nguvu iliyoko kwenye nyama, anakakamaa mapema na anaharibika mapema. Mpige kichwani mara moja kwa kirungu, mkate chini ya matamvua damu itoke, nyama inakuwa nyeupe na inadumu. Yule uliyemkuta ameshakufa wavuni tangu usiku, huyo muda wake ulishaanza kuhesabika zamani, usimchanganye na wale wazima, mtenge.

Kumbeba sasa. Naona watu wanamnyanyua kwa mkia au wanamburuza kwenye mchanga wa mwaloni, wengine wanamkanyaga wakati wa kupanga mzigo. Samaki mzito ukimning'iniza kwa mkia, uzito wake mwenyewe unachana nyama na mishipa ya damu karibu na uti wa mgongo, kwa nje huoni kitu ila akija kupasuliwa minofu unakuta imefunguka na ina madoa ya damu. Mbebe watu wawili, mmoja kichwani mmoja mkiani, mweke kwenye turubai safi au kreti. Kivuli ni lazima, hata kama ni gunia lililolowa, ila gunia lenyewe liwe safi jamani, siyo lile la mkaa.

Barafu iwe kilo kwa kilo, yaani samaki kilo 50 barafu kilo 50, kwa joto letu hapa chini ya hapo ni kujidanganya. Iwe imepondwa ndogondogo, mabonge makubwa yanachubua samaki na yanaacha nafasi za hewa. Tandaza barafu chini, laza samaki, jaza barafu kwenye matamvua, na kama umemtoa matumbo jaza na ndani ya tumbo halafu mlaze kwa namna ambayo maji yakiyeyuka yatatoka, yasituame humo. Habari ya kutoa matumbo muulize kwanza mnunuzi wako anamtaka vipi, na ukitoa usitoboe utumbo, ukitoboka uchafu wote unaenda kwenye nyama. Kisha usimuoshe kwa maji ya ufukweni pale watu wanapooga na kufulia, hapo ndipo samaki mzuri anapopata salmonella, bakteria wanaoharisha watu. Wazee mnakumbuka mwishoni mwa miaka ya 90, soko la Ulaya lilitufungia nchi za ziwa hili zaidi ya mara moja, mara salmonella, mara hofu ya kipindupindu, mwaka 1999 ikawa ishu ya watu kuvua kwa sumu, na waliolia njaa ni watu wa mialoni.

Kama barafu hakuna kabisa, usimuweke mzima ukisubiri gari la kesho. Mpasue, mkate vipande vyembamba, apigwe chumvi au aingie kwenye moshi sikuhiyohiyo, maana akiwa mzima chumvi wala moshi havifiki katikati.

Na nyie wenyewe mjilinde. Miiba ya pezi la mgongoni ni mikali na mfuniko wa matamvua unakata, mkono ukiingia hapo wakati anajirusha utajuta. Vaeni glavu ngumu na buti, ndoano itolewe kwa koleo siyo kwa vidole. Ukichomwa osha na maji safi na sabuni palepale, usifunge kitambaa kichafu ukaendelea na kazi, nenda zahanati ukaulizie sindano ya pepopunda, na kama mkono umevimba, una wekundu unaopanda juu au umeshikwa na homa, wahi hospitali sikuhiyohiyo, mzigo atausimamia mwenzako.