Mafuta ya uso wakati wa masika: maswali na majibu

Masika yakiingia pwani, kati ya Machi na Mei, hewa ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar hujaa mvuke hadi taulo iliyoanikwa asubuhi inakutwa mbichi jioni. Uso nao hulalamika. Unang'aa kabla hujafika kituo cha daladala, paji linatoa vipele, na mafuta yaliyokufaa vizuri wakati wa kipupwe yanakuwa kama gundi.

Uso wangu unalowa jasho tangu asubuhi. Kuna haja gani ya kupaka kitu?

Jasho lililo juu ya ngozi halisemi kitu kuhusu maji yaliyo ndani yake. Tabaka la juu la ngozi hushika maji kwa msaada wa mafuta yake ya asili, na mafuta hayo hupungua kila unaponawa kwa sabuni. Masika ndipo tunaponawa zaidi: asubuhi, ukirudi umelowa, kabla ya kulala, na wengi wetu kwa sabuni ileile ya kuogea mwili mzima. Anayefanya kazi ofisini anaongezewa saa nane za kiyoyozi, ambacho hukausha hewa huku kikiipoza. Ndiyo maana mtu huyohuyo anang'aa puani lakini mashavu yanabana.

Jipime hivi: nawa, kaa nusu saa bila kupaka chochote. Uso ukibana au ukiwa na ukurutu, unahitaji kitu. Usipobana, acha. Sioni kwa nini ununue krimu usiyoihitaji.

Basi nichague aina gani?

Neno lenyewe linatuponza. Kila kinachopakwa tunakiita mafuta, iwe Vaseline, losheni ya majimaji au jeli, kwa hiyo dukani tunatafuta kinachong'arisha. Lakini kazi zake hazifanani. Gliserini na asidi ya hayaluroniki huvuta maji na kuyashikilia. Mafuta ya mgando hayavuti maji. Yanatandika utando juu ya ngozi ili maji yaliyomo yasitoroke. Njombe mwezi Julai, kwenye baridi na upepo, utando huo unaokoa midomo na mashavu. Dar mwezi Aprili hewa yenyewe imeshiba mvuke, maji ya ngozi hayatoroki kwa kasi, na utando unabaki na kazi ya kufungia jasho tu. Njia za jasho zikiziba unapata harara. Vinyweleo vikiziba unapata chunusi.

Kwa hiyo chukua jeli, au losheni nyepesi. Igeuze chupa usome nyuma, kwa sababu viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Ukiona "Aqua", yaani maji, ya kwanza na "Glycerin" si mbali nayo, umeanza vizuri. "Niacinamide" inafaa uso wenye mafuta mengi na madoa yanayobaki chunusi zikipona. "Dimethicone" hulainisha bila kunata. "Petrolatum" (mafuta ya mgando), "Cocos Nucifera Oil" (mafuta ya nazi) au "Theobroma Cacao Seed Butter", yaani siagi ya kakao, zikiwa juu kwenye orodha, chupa hiyo iwekee visigino. Neno "non-comedogenic" mbele ya chupa ni ahadi ya mtengenezaji kwamba vinyweleo havitaziba, na hakuna kipimo kimoja cha lazima nyuma ya ahadi hiyo. Mimi naamini orodha zaidi. Tyubu au chupa ya pampu ni bora kuliko kopo, maana vidole vyenye maji hupanda vijidudu ndani ya kopo.

Sina hela ya krimu za supamaketi.

Nenda duka la dawa, nunua gliserini ya kawaida. Usiipake nzito kama ilivyo, itanata na kukusanya vumbi la barabara nzima. Weka matone mawili matatu kwenye kiganja chenye maji, sugua, paka uso ukiwa bado na unyevunyevu. Gliserini hupenda hali ya hewa kama hii, kwa sababu kuna mvuke wa kuvuta. Ila usichanganye chupa nzima na maji ukaiweka wiki mbili bafuni; mchanganyiko huo huchafuka.

Bibi yangu Pemba amepaka mafuta ya nazi maisha yake yote na ngozi yake ni safi. Mbona mimi natoka vipele?

Bibi aachwe na nazi yake, imemtunza. Kwa nywele na mwili ni mafuta mazuri. Uso wa kijana unaotoa mafuta mengi wenyewe ndio usioyahitaji, hasa wakati wa jasho. Ngozi ya kila mtu ina fangasi waitwao Malassezia, ambao chakula chao ni mafuta na hustawi kwenye joto na unyevu. Wakizidi ndani ya vinyweleo, hutokea vipele vidogo vinavyowasha, karibu vyote vya ukubwa mmoja, kwenye paji, kifuani na mgongoni. Mwenyewe anadhani ni chunusi, anaongeza mafuta, na vipele navyo vinaongezeka. Hivyo vinataka dawa ya fangasi, kwa hiyo mwone daktari au mtaalamu wa ngozi kabla hujamaliza dawa zote za chunusi za mtaani.

Angalia na mafuta ya nywele. Ukipaka mengi kwenye mistari ya msuko, jasho na mvua huyateremsha hadi kwenye paji, kisha lawama inaiangukia losheni ya uso.

Jua halionekani wiki nzima. Niache losheni ya kukinga jua?

Usiache. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi, na mionzi hiyo hukoleza madoa ya chunusi. Chagua ya jeli yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, na mchana inaweza kutosha peke yake. Kwa mwenye ualbino hakuna msimu wa mapumziko kabisa. Kilisun, losheni ya kukinga jua inayotengenezwa Moshi, iliundwa kwa ajili yao.

Kuna krimu sokoni inapimwa kwenye kikopo, inasafisha uso siku tatu.

Huo ni mkorogo. Unaweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au steroidi kali kama "clobetasol". Zebaki huumiza figo. Steroidi huondoa vipele haraka, kisha ngozi inakuwa nyembamba na vipele vinarudi kwa wingi ukiacha. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kikopo kisicho na lebo hakina hata pa kusoma.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Nikipaka chochote, ndani ya helmeti uso unachemka.

Paka usiku tu, baada ya kunawa, kiasi cha punje ya harage kwa uso mzima. Asubuhi nawa kwa maji matupu, kisha weka losheni ya kukinga jua sehemu ambazo helmeti haizifuniki. Na ule sponji wa ndani unaogusa paji, ufue kila wiki kama unatoka, ukauke kabisa kabla ya kuurudisha. Wa abiria pia.