Njia mbili zilimshinda fisi, mezani pia

Masika yakishika, Aprili na Mei, sisi waongoza watalii wa Arusha tunakuwa watu wa nyumbani. Barabara za hifadhini ni tope tupu, wageni wa kuhesabika, magari yapo gereji. Hapo ndipo meza ya sebuleni kwangu inapogeuka kuwa bonde la Ngorongoro. Tunakaa watano: mimi, fundi wa magari, dada mmoja mpishi wa kambi, mdogo wangu, na jirani ambaye hajawahi kukanyaga hifadhi hata moja. Tunacheza fisi.

Kwa asiyeujua mchezo wa namna hii: hauna mshindi kama drafti au bao. Mmoja ni msimulizi, anaeleza mahali na kinachoonekana. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Penye shaka, dadu zinaamua. Mchezo ulioanzisha mtindo huu, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974, na mwaka 1976 tu tayari kulikuwa na Bunnies & Burrows, ambamo wachezaji wanakuwa sungura. Kwa hiyo kucheza mnyama si wazo geni. Mimi nilitaka kanuni za kujitungia, za wanyama ninaowaona kazini, na nikadhani ni kazi ya wikendi moja. Sasa ni masika ya tatu.

Toleo la kwanza lilikuwa aibu. Nilichukua zile sifa za kawaida, nguvu, wepesi, akili na wenzake, nikampa kila mchezaji fisi na pointi za uhai, zile zinazopungua kila anapojeruhiwa. Usiku wa kwanza fundi akasema: "Mimi nazunguka kulia, wewe dada jifanye kilema pale majini, pundamilia wakikushangaa dogo anatokea nyuma." Mpango mzuri sana, ila wa majambazi wenye mikia. Hakuna fisi aliyekuwa amekaa pale mezani.

Nadhani tumelelewa hivyo. Tumekua na Sungura mjanja na Fisi mroho, na katika hadithi zile Fisi ni mtu mwenye tamaa aliyevaa ngozi ya fisi. Bibi alikuwa anatusema sisi wajukuu. Kwa hadithi inatosha, lakini mchezo unaotaka mtu awe fisi kweli lazima kwanza umnyang'anye vitu vya binadamu. Tangu hapo nikiandika kanuni siulizi mnyama huyu anaweza nini. Nauliza hana nini, na kukosa hicho kunamgharimu vipi.

Cha kwanza kunyang'anywa ni maneno. Mawindo yakianza, wachezaji hawaruhusiwi kuzungumza wao kwa wao. Wamebakiwa na sauti nne: mwito mrefu unaopanda mwishoni, ambao porini husikika kilomita kadhaa, mguno wa karibu, mngurumo wa kutisha, na kile kicheko. Wageni wangu wote huamini fisi akicheka amefurahi. Mara nyingi anayecheka ni anayefukuzwa, au aliyezuiwa nyama anayoiona. Basi mezani kicheko kina maana moja: nimezidiwa. Jirani yangu alikuwa wa kwanza kukitumia vizuri. Alifukuzwa na simba jike, akacheka kicheko kile kwa sauti yake halisi, na wote tukajua pa kukimbilia bila yeye kusema neno.

Cha pili ni pointi za uhai. Katika michezo ya mapanga mhusika anakatwa, anakunywa dawa, anaendelea. Mnyama pori akivunjika mguu hana dawa, na yeye analijua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana ugomvi mwingi unaouona porini ni kelele na meno ya kuonyeshana. Nikafuta uhai, nikaweka shibe. Kila mchezaji anaanza na kete kumi na mbili, zilezile za bao. Kila usiku unalipa mbili kwa sababu tu uko hai. Kila hatua ya kumkimbiza mnyama ni kete moja, ukamate usikamate. Jike anayenyonyesha analipa moja ya ziada. Ghafla watu wakaanza kufikiri kama wanyama: huyu nyumbu anafaa kukimbizwa, au nilale? Dada mpishi alilala usiku mbili mfululizo. Hiyo ni mara ya kwanza kuona mchezaji akifurahia kutofanya kitu.

Lakini njaa ina mtego ambao kila mtunga kanuni anaujua. Ukimwadhibu mwenye njaa kwa kumpunguzia uwezo, anashindwa, anazidi kuwa na njaa, anazidi kushindwa, na baada ya nusu saa anaangalia simu. Mimi natumia dadu mbili za kawaida za ludo. Jumla ya kumi na kuendelea, umefanikiwa. Saba hadi tisa, umefanikiwa kwa gharama. Sita kushuka, umekosa. (Ngazi hizi tatu si zangu, zilienea kutokana na mchezo aliotunga Mmarekani Vincent Baker mwaka 2010.) Ukihesabu, mafanikio kamili yanatokea mara 6 kati ya 36, karibu asilimia 17. Nilitaka mwenye njaa awe jasiri zaidi, asiwe dhaifu zaidi. Nikasema: aliyebakiwa na kete chini ya nne anaongeza dadu ya tatu na kuchukua mbili zilizo kubwa, ila zikitokea mbili zinazofanana, ameumia.

Tulipoteza fisi watatu usiku mmoja. Mdogo wangu alisusa kabisa. Nikakaa na karatasi, nikagundua kwamba dadu tatu zinatoa mfanano mara 96 kati ya 216, yaani asilimia 44. Nilikuwa nimeandika kanuni ya kuchinja wachezaji. Sasa dadu ya tatu ni nyekundu, na unaumia tu yenyewe ikionyesha moja: mara moja kati ya sita. Mafanikio kamili yanapanda hadi 77 kati ya 216, asilimia 36 hivi. Yaani njaa inakuongezea nafasi zaidi ya mara mbili, na inakudai. Mtu akiichukua ile dadu nyekundu, meza nzima inanyamaza.

Hapa ndipo ile methali ilipojileta. Msimulizi huweka harufu kwenye ramani, na mchezaji anachagua ya kufuata. Nikaongeza kwamba harufu mbili zikiwa sawa kwa nguvu na mchezaji akasita, analipa kete moja papo hapo. Njia mbili zilimshinda fisi. Wote walicheka, halafu kila mmoja akaanza kuamua haraka.

Cha tatu kilikuwa kigumu kuliko vyote: usawa. Mezani tunapenda wachezaji wawe sawa. Ukoo wa fisi madoa hauna habari hiyo. Majike ndio wakubwa, kwa mwili na kwa cheo, na mtoto anachukua nafasi iliyo chini tu ya mama yake. Dume aliyehamia kutoka ukoo mwingine anaanzia mkiani. Nikitoa vyeo kwa bahati nasibu, wa mwisho anakula mifupa usiku kucha na hatarudi Jumamosi ijayo. Nikivifuta, tumerudi kwa majambazi wenye mikia.

Jibu nililipata Serengeti. Fisi wa kule hawasubiri nyumbu wapite mlangoni. Wanasafiri makumi ya kilomita kuwafuata, wanakula, wanarudi shimoni kunyonyesha, na wa cheo cha chini ndio wanaolazimika kusafiri zaidi kwa sababu nyama ya karibu ina wenyewe. Basi mezani mwenye cheo anakula kwanza, lakini wa chini ndiye anayechora ramani. Nje ya eneo la ukoo yeye ndiye anayesema kuna nini: mto, kundi la swala, ukoo mwingine. Wakubwa wanashiba wasijue dunia ikoje. Fundi, ambaye hupenda kuwa mkubwa, sasa anaomba cheo cha mwisho.

Simba nao. Hapa napenda kumkumbusha mtu kwamba Hans Kruuk, mtafiti aliyewafuatilia fisi wa Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960, alionyesha kuwa fisi huwinda chakula chao kingi wenyewe, na kwamba Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliokuja kula walichoua fisi. Kanuni yangu ya kugombea mzoga imetoka kwa utafiti mwingine, wa Chobe, Botswana: fisi waliweza kuwaondoa simba majike walipokuwa karibu wanne kwa mmoja, mradi dume mzima hayupo. Mezani kila fisi wa ukoo ni kizibo cha soda. Kila simba jike ni kizibo cha bia kilichopinduliwa, na vizibo vinne vya soda vinamkalisha pembeni. Dume akitokea, hakuna dadu, mnaondoka. Hapo ule mwito mrefu unapata kazi: anayepiga mwito analipa kete moja, kisha anarusha dadu kuona wangapi wa ukoo wamesikia. Wiki iliyopita tulikuwa vizibo saba dhidi ya majike wawili. Unamwona mtu anahesabu kwa macho, anaangalia kete zake tatu zilizobaki, anaangalia dadu nyekundu.

Mnyama mwingine anahitaji kanuni yake kuu, usimvike fisi ngozi mpya. Kwa mbwa mwitu nimetumia chafya. Watafiti Botswana walichapisha mwaka 2017 kwamba mbwa mwitu hupiga chafya kabla ya kuondoka kuwinda, na chafya zikiwa nyingi kundi hung'oka. Wakubwa wakianzisha zinatosha kama tatu. Akianzisha mdogo zinahitajika kama kumi. Nimeiweka hivyohivyo, na ndiyo, tunapiga chafya kweli. Kwa tembo kanuni kuu ni kumbukumbu: katika ukame wa 1993 Tarangire, familia zilizotoka hifadhini zilipoteza ndama wachache kuliko zilizobaki, na hizo zilizotoka ndizo zilizokuwa na majike wazee. Kwa hiyo bibi wa familia ana kadi tatu za mahali penye maji, na akifa kadi zinachomwa. Chui bado amenishinda. Anaishi peke yake, na wachezaji watano wa upweke mezani ni watu watano wanaosubiri zamu.

Kilichobaki kwenye fisi ni kifo. Kwa sasa aliyekufa anageuka tai: hana dadu wala kete, ila akiona mzoga popote kwenye ramani anaweka kidole pale, na walio hai wakitaka wanafuata kidole. Jumamosi mdogo wangu alikufa mapema, akakaa kimya robo saa, kisha akaweka vidole viwili, kimoja kaskazini na kimoja kusini, akatuangalia huku anatabasamu. Tukalipa kete moja kila mtu.