Mjamzito na kipimo cha klamidia na kisonono

Siwashwi, sitokwi na uchafu, siumwi. Nipimwe nini?

Hapo ndipo penye hatari. Wanawake wengi wenye klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria, hawahisi chochote, na kisonono nacho hujificha. Kliniki nyingi za Tanzania na Kenya humpima mjamzito VVU na kaswende, lakini haya mawili hutibiwa kwa kuangalia dalili. Asiye nazo hurudi nyumbani na bakteria wake. Mwingine ana uchafu wa fangasi tu, na bado anamezeshwa dawa za kisonono. Inaniuma, kwa sababu kipimo kipo.

Kinafanyaje kazi?

Hakisubiri bakteria waoteshwe maabara. Kinatafuta vinasaba vyao na kuvirudufisha: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kimezidi bilioni moja, hivyo hata bakteria wachache huonekana. Mashine ya GeneXpert, ileile ya kupimia kifua kikuu, ikiwekewa katriji (kikasha cha kipimo) ya magonjwa haya mawili hutoa majibu kwa takriban saa moja na nusu.

Lazima nipande kitandani nikaguliwe?

Hapana. Unapewa kijiti chenye pamba, unaingia faragha, unakiingiza ukeni kama sentimita 5, unakizungusha taratibu, kisha unakitumbukiza kwenye kichupa. Sampuli uliyojichukulia mwenyewe inaaminika sawa na ya nesi.

Mtoto anadhurika vipi?

Huambukizwa akipita njia ya uzazi. Klamidia humletea ugonjwa wa macho na nimonia. Kisonono kisipotibiwa mapema kinaweza kumpofusha.

Nimekutwa na klamidia. Nitamwambiaje mume wangu?

Mwambie ukweli huu: kipimo hakisemi nani kaleta wala lini, na klamidia inaweza kukaa miezi mingi bila dalili. Msianze kushtakiana. Wewe kwa kawaida utapewa azithromisini gramu 1, dozi moja, inayofaa kwa mjamzito. Usiazime doksisaiklini ya jirani; dawa hiyo haimfai mjamzito. Mumeo naye atibiwe, na msikutane kimwili kwa siku 7 baada ya wote kumeza dawa. Asipotibiwa atakuambukiza upya.

Nirudi lini kupima?

Wiki 4 hivi baada ya kumeza dawa. Ukiwahi, mashine inaweza kunasa vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa, ukaambiwa bado unaumwa. Kisha upimwe tena baada ya miezi 3.