Je, wajua kwa nini pazia la mwanga kwenye mashine halibadilishwi kama taa?

Julai iliyopita, asubuhi ambayo ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa ya Unga Limited, eneo la viwanda hapa Arusha, niliitwa kwenye karakana inayotengeneza komeo na bawaba za milango. Presi yao ya kukata bati, iliyonunuliwa mtumba kutoka Ulaya, ilikuwa inasimama yenyewe bila mtu kuigusa. Mama mwenye karakana alinikaribisha chai, akaniwekea boksi mezani. "Mwanangu, hizi sensa za pembeni zimechoka. Nimepata nyingine. Wewe nibadilishie tu, kama taa."

Ndani ya boksi kulikuwa na pazia la mwanga lililokwisha kutumika, la urefu uleule, rangi ileile ya njano, na matundu ya bolti yaliyokaa sawasawa na vishikizo vya zamani. Kwa macho, kazi ya nusu saa. Ilituchukua siku nne, na nataka nieleze zilikwenda wapi.

Pazia la mwanga ni nguzo mbili nyembamba zinazotazamana, kushoto na kulia kwa mdomo wa mashine. Moja inarusha miali ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kutoka kwenye safu ya LED ndogo. Ya pili inaipokea. Miali haiwaki yote kwa mpigo. Inawaka mmoja baada ya mwingine, haraka sana, na nguzo inayopokea inajua ni mwali upi unaopaswa kufika sasa. Ndiyo maana jua linaloingia mlangoni haliidanganyi. Mkono ukikata mwali, pazia linaondoa ruhusa, na mashine inatakiwa isimame kabla mkono haujafika kwenye kisu. Mjerumani Erwin Sick alionyesha pazia la namna hii kwenye maonyesho ya mashine mjini Hannover mwaka 1952, na wazo hilo halijabadilika sana tangu hapo.

Sasa, linazeekaje? LED hufifia taratibu. Joto la mashine na miaka ya kuwaka vinaipunguzia nguvu kidogo kidogo. Upande wa mbele, kioo chake cha plastiki kinatobolewatobolewa na cheche za kuchomelea, kinashika mvuke wa mafuta na vumbi la grainda. Arusha tuna nyongeza yetu: kiangazi, vumbi lile laini la udongo wa volkano linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa, na kipupwe, umande unaotanda juu ya kioo alfajiri. Vyote hivyo vikijumlishwa, mwanga unaofika upande wa pili unashuka chini ya kiwango, na pazia linaamini kuna mkono. Presi ya mama ilikuwa inasimama hovyo mpaka saa nne hivi, jua likikausha kioo inatulia. Ugonjwa wa aina hiyo ukiusikia, umeshajua pa kuanzia.

Pazia limeundwa hivyo kwa makusudi: likiwa na shaka, linasimamisha. Lililochoka kwa kawaida halipofuki, linapiga kelele tu bila sababu. Hatari inaingia kupitia kwetu sisi watu. Opareta anayelipwa kwa idadi ya vipande atavumilia siku mbili, ya tatu atamwita fundi amuungie dairekti, waya mmoja wa kuidanganya mashine kwamba pazia liko salama. Katika kazi yangu nimekuta waya huo mara nyingi kuliko nilivyokuta pazia lililoshindwa kuona mkono. Mama huyu alishauriwa hivyo hivyo na jirani. Alikataa, akaizima presi siku tatu akisubiri boksi lifike kutoka Dar, huku wateja wakimpigia simu. Namheshimu sana kwa hilo.

Kabla ya kulihukumu pazia la zamani nililifuta kwa kitambaa laini chenye maji (tina usiiguse, inaifanya plastiki kuwa na ukungu wa kudumu), nikalinganisha nguzo upya, nikapima umeme wa volti 24 unaolilisha. Vitaa vya kuonyesha nguvu ya mwanga vilibaki vimesinzia. Basi, muda wake ulikuwa umefika. Kubadilisha nguzo moja tu sikukutaka, maana nguzo mbili za pazia hutengenezwa zielewane, na LED zilizobaki zilikuwa na umri uleule wa zile zilizochoka.

Nikalitazama pazia la kwenye boksi, hasa kile kibandiko cha ubavuni ambacho watu wengi hawakisomi. La zamani liliandikwa milimita 14. Hili liliandikwa milimita 30. Namba hiyo ni unene wa kitu kidogo kabisa ambacho pazia linahakikisha kukiona popote kikipita. La milimita 14 linaona kidole. La milimita 30 linaona kiganja. Kidole kinaweza kupenya katikati ya miali bila kuonekana, na mkono ukaendelea kuingia mpaka sehemu nene ifike. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13855 kinaidai tofauti hiyo kwa umbali: toa 14 kwenye namba ya pazia, zidisha kwa 8. Kwa pazia la milimita 30 unapata milimita 128, ambazo ni lazima lisogee nyuma zaidi kutoka kwenye kisu. Kwa hiyo nguzo zile zilizoingia kwenye matundu ya zamani bila shida yoyote zingekuwa karibu mno na hatari. Kuingia vizuri kwenye bolti ndiko kulikonitisha.

Hapo mwanafunzi wangu, kijana anayesoma Chuo cha Ufundi Arusha aliyekuwa mazoezini kwangu, akauliza swali ambalo ndilo kiini cha jambo lote. "Fundi, kwani lile la zamani walijuaje liwekwe hapo?"

Waliupima mkono wa mtu. Kiwango hicho hicho kinachukulia kwamba mkono unaelekea kwenye hatari kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, yaani milimita 2 kwa kila milisekunde moja. Mashine nayo ina muda wake wa kusimama: pazia linahitaji milisekunde kadhaa kutambua, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) milisekunde zake kuachia, vali zake kutoa upepo, breki zake kushika. Jumlisha zote, zidisha kwa milimita 2, ongeza ile ya unene wa miali. Huo ndio umbali mfupi kabisa unaokubalika. Karatasi za presi, zilizokuwa bado kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kabati la umeme, zilisema milisekunde 90. Mara mbili ni milimita 180. Waliofunga waliliweka pazia milimita 200. Hesabu yao ilikuwa safi.

Lakini ilikuwa hesabu ya presi ikiwa mpya.

Rafiki yangu anayefanya kazi kwenye kiwanda kimoja Moshi alitutumia kipima muda wa kusimama kwa basi dogo la asubuhi. Ni kifaa kinachokata miali kwa ghafla kisha kinasoma mashine imechukua muda gani mpaka itulie kabisa. Tulipima mara kumi. Mbaya kabisa ilikuwa milisekunde 140. Mara mbili, milimita 280. Pazia lilikuwa limesimama milimita 200. Yaani kwa muda ambao hakuna aliyeujua, opareta angeweza kukata miali, pazia likamwona, likatoa amri bila kosa lolote, na mkono ukafika kwenye kisu kabla hakijasimama. Kijana alinyamaza. Opareta naye, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akitusikiliza, aliinuka akaja kusoma namba mwenyewe.

Milisekunde 50 zile zilitoka wapi? Presi hii ina klachi ya msuguano inayoshikwa kwa upepo. Upepo ukitoka, springi zinasukuma breki. Sasa, kwenye tundu la kutolea upepo kuna sailensa, kikombe kidogo cha kuzuia mlio, na hicho kilikuwa kimejaa matope ya mafuta na vumbi, upepo unatoka kwa kuvutwa kama mtu anayepumua na mafua. Tulipokifungua kikatoa uji mweusi. Pia lainingi za breki zilikuwa zimelika na upande mmoja una mafuta. Sailensa mpya, lainingi mpya, tukapima tena: milisekunde 95. Milimita 190. Hakuna pazia duniani, hata la bei ya juu kiasi gani, ambalo lingeturudishia sentimita zile tisa, kwa sababu pazia halina breki.

Hapa niseme neno kuhusu presi nyingine nyingi tulizonazo Arusha na Moshi, zile kongwe za gurudumu kubwa ambazo klachi yake ni pini au ufunguo wa chuma. Ukikanyaga pedali, ufunguo unaingia na mashine ni lazima imalize mzunguko mzima. Haiwezi kusimama katikati. Kwenye presi hizo pazia la mwanga ni pambo. Litaona mkono na halitaweza kufanya lolote. Kinachofaa ni kizuizi cha chuma kinachoacha nafasi ya bati tu, nafasi ambayo kidole hakifiki kwenye kisu. Nimeshaombwa na watu watatu wafungiwe pazia kwenye presi za aina hiyo, wakiwa na nia njema kabisa na pesa mkononi. Nilikataa wote, nikawachorea kizuizi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, na kinga inayomdanganya opareta kwamba yuko salama siihesabu kuwa kinga.

Turudi kwa mama. Pazia la milimita 30 lilirudishwa. Kwa milisekunde 95 lingehitaji milimita 190 na 128 juu yake, jumla 318, na hapo opareta asingeweza kulisha vipande vidogo vya komeo bila kuinamia mbele siku nzima. Likanunuliwa jipya la milimita 14. Mama aliuliza kama mtumba wa milimita 14 hautafaa. Kanuni ya ISO 13849-1 huhesabu maisha ya kifaa cha usalama kuwa miaka 20, na cha mtumba hujui kilianza kazi lini wala kilipigwa na joto gani. Akakubali, ingawa bei ilimuuma.

Nyaya nazo zilikuwa na hadithi yao. Pazia la zamani lilikuwa na rilei ndani yake, zilizokuwa zikikata moja kwa moja umeme wa volti 230. La kisasa lina matokeo mawili, yaani njia mbili za kutoa ishara, ya volti 24 yasiyo na rilei, na kila moja linajizima kwa muda mfupi mno, mara kwa mara, kujipima kama bado linaweza kuzima. Ukiunganisha yote mawili kwenye waya mmoja, pazia linagundua na kujifunga. Fundi asiyejua hukasirika, akatumia moja na lingine akaliacha linaning'inia. Mashine itafanya kazi vizuri tu, mpaka siku lile moja lililobaki litakapong'ang'ania likakataa kuzima. Tuliweka rilei ya usalama inayopokea yote mawili, nayo ikaendesha kontakta mbili (swichi kubwa za kukata umeme) zilizopangwa mfululizo, na waya wa kurudi unaohakikisha kila kontakta imeachia kweli kabla ya kuruhusu pigo jingine.

Kontakta za zamani sikuzirudisha, japo zilionekana nzima. Opareta akilisha mashine mara 4 kwa dakika, saa 8 kwa siku, siku 300, mkono wake unakata miali mara 576,000 kwa mwaka, na kila mara kontakta zinafunguka na kufunga. Jedwali la kanuni hiyo hiyo linakadiria mizunguko milioni 1.3 kwa kontakta inayobeba mzigo wake kamili. Ni miaka miwili na ushei. Kwa mzigo mwepesi zinadumu zaidi, lakini hizi zilikuwa hapo tangu presi inashushwa kwenye lori.

Siku ya nne tulikata vishikizo vya zamani kwa grainda ili asije mtu akavirudia, tukachomelea vipya milimita 230 kutoka kwenye kisu. Tulikagua pembeni kama kuna bati linalong'aa karibu na miali, kwa sababu bati likiwa karibu mno linaweza kuakisi mwanga ukazunguka nyuma ya mkono. Kitufe cha kuwasha upya tulikiweka mahali ambapo anayekibonyeza anauona mdomo wote wa presi na hawezi kukifikia akiwa ndani.

Kisha opareta akapewa kijiti cheusi chenye unene wa milimita 14. Kila asubuhi, kabla ya pigo la kwanza, anakishusha taratibu kutoka juu hadi chini: karibu na nguzo inayorusha, katikati, karibu na nguzo inayopokea. Taa ni lazima ibaki nyekundu njia nzima. Ikigeuka kijani hata kwa kufumba na kufumbua, presi haiwashwi. Alijaribu mara tatu mbele ya mama, na mara zote taa ilibaki nyekundu.

Mwanafunzi wangu aliandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa kabati: milisekunde 95, milimita 230, milimita 14, na tarehe. Chini yake akaacha nafasi ya mistari mitano.