Mbwa Asiyejulikana Mtaani Ndiye Anayepotea

Mbwa wengi wa mijini kwetu hufugwa kwa mtindo mmoja: mchana kutwa yumo bandani, usiku anafunguliwa alinde, alfajiri anarudishwa. Ua wa nyumba anaujua vizuri, lakini duka la jirani hajawahi kuliona. Na jirani naye anamjua kwa kubweka tu. Siku geti likisahauliwa wazi, anayetoka ni mgeni katika mtaa wake mwenyewe: njia ya kurudi haijui, na anayekutana naye hajui ni wa nani. Kwa macho ya wapita njia huyo tayari ni mbwa koko, na mbwa koko hurushiwa mawe.

Ndiyo maana mfugaji akija kutuuliza afanye nini mbwa asipotee, sisi madaktari wa mifugo huanza kwa kumuuliza mbwa wake hutoka nje lini, na nani. Mtembezeni. Nusu saa ya asubuhi au jioni, kamba mkononi, inatosha. Mbwa huujua mtaa kwa pua, na kila kona anayosimama kunusa na kukojolea ni alama ya kumrudisha. Mpitishe genge la mboga, kijiwe cha bodaboda, kwa walinzi wa nyumba za jirani. Hao ndio watakaokupigia simu. Majirani ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, nao zungumza nao mapema. Mbwa akiwa kwenye kamba na mwenyewe akifahamika, hakuna ugomvi, na aghalabu hao ndio huwa wa kwanza kukuambia katoka.

Geti ni la watu kuliko la mbwa. Gari likiingia jioni, mlinzi anasukuma geti, watoto wanakimbilia mfuko wa mkate, na hakuna anayemtazama Simba. Wekeni kanuni moja nyumbani: geti kubwa halifunguliwi mpaka mbwa awe bandani au kwenye kamba. Mwelezeni pia dada wa kazi na fundi aliyekuja kwa siku moja. Mbwa mwenyewe anaweza kufundishwa kukaa chini kila geti linapoguswa, kwa kupewa kipande cha chakula akitii. Anayechimba chini ya uzio, mwekeeni mawe au zege mahali hapo. Mnyororo wa siku nzima hatuushauri: mbwa aliyefungwa kutwa akiachiwa hutoka mbio.

Kuna nyakati ambazo hata mbwa mtulivu hatoshi kuaminiwa. Mbwa jike huingia kwenye joto takriban mara mbili kwa mwaka, wiki tatu hivi kila mara, na madume hufuata harufu yake kutoka mbali sana, hata kwa kuruka ukuta. Kumhasi dume na kumfunga kizazi jike hupunguza sana safari hizi. Mkesha wa mwaka mpya nao, fataki zikianza kulipuka, mbwa hukimbia bila kuangalia nyuma. Mwingizeni ndani kabla ya giza, madirisha yafungwe, redio iwashwe. Na mbwa mkubwa aliyetoka kwa mfugaji mwingine asiachiwe uani bila mtu katika wiki za mwanzo, kwa sababu anaweza kutoroka kutafuta kwao.

Sasa kola. Iwe na namba ya simu, basi. Jina la mbwa si lazima, linamsaidia mwizi kumwita. Fundi wa funguo huweza kukuchongea kibati, au andika kwa wino usiofutika. Kati ya kola na shingo vipite vidole viwili, na kwa mtoto wa mbwa pima kila wiki kwani anakua. Chipu inayowekwa chini ya ngozi, yenye ukubwa wa punje ya mchele na namba ya tarakimu 15, ni nzuri kwa kuthibitisha mwenye mbwa, na anayesafiri naye kwenda Ulaya analazimika kuiweka. Lakini haionyeshi mbwa yuko wapi. Husomwa kwa kifaa maalumu kikiwa karibu kabisa, na kama simu yako haikuandikishwa pamoja na namba hiyo, haina faida. Kwa hapa kwetu, kola kwanza.

Akipotea, anzeni saa ileile, kwa miguu, mkizunguka nyumba za karibu, mitaro na majengo ambayo hayajaisha. Rudieni usiku wa manane na alfajiri, mtaa ukiwa kimya. Picha ipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na ofisi ya serikali ya mtaa. Ukimwona, usimkimbize, mwenye hofu hukimbia hata bwana wake. Chuchumaa, geuka ubavu, mwite kwa sauti ya kila siku.

Akirudi, mkagueni mwili mzima. Akiwa na jeraha la kung'atwa, mpelekeni kwa daktari wa mifugo pamoja na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama ya mwaka huu alishapata, maana huenda akahitaji nyongeza. Mtu aliyeng'atwa wakati wa kumkamata aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.